Mbegu Juu ya Meko

Kivuko cha Ifakara siku hiyo kilikuwa hakina pa kukanyaga: mitumbwi, makapu ya mpunga, kuku wanapiga kelele. Yunusi, kanzu imeroa tope hadi magotini, alikuwa akimhoji kila aliyeshuka. Ndiyo kazi yake. Aliongoza baraza dogo lililolishauri boma la Wajerumani juu ya mazao, na bonde zima hapakuwa na aliyejua mambo kama yeye. Ndivyo alivyojiona, maskini.

"Bibie, mpunga umekubali mwaka huu?"

"Umekubali. Na wewe je, umekubaliwa na mtu, au unaulizauliza tu?"

Huyo ndiye Chiku, kaniki imemkaa, shanga shingoni. Yunusi na maneno yake yote akabaki kucheka kama mjinga.

Akawa havuki mto ila kwenda kwake. Huko Chiku akamwonyesha wanawake wanavyofunga mbegu kwenye majani na kuzining'iniza juu ya meko, moshi uzilinde na wadudu.

"Ghala likiungua, hizi zinabaki."

"Mna akili nyie!"

"Basi nioe, nikugawie."

"Nitakuoa, mpenzi. Wallahi nitakuoa."

Boma likataka watu waache mpunga walime pamba. Yunusi akaenda bomani, akawatetea kwa moyo wote. "Bonde hili ni la mpunga," alisema. "Hata ghala likiungua watu hawa hawafi, mbegu wanazo juu ya meko." Alisema kwa fahari, Chiku akiwa kichwani mwake.

Vita vya Maji Maji vikaja. Askari wakachoma maghala, kisha wakaingia majumbani, na kila nyumba walitazama kwanza juu ya meko. "Bwana Yunusi wenu ametufundisha," walisema wakicheka.

Yunusi alimtumia Chiku salamu mara nyingi kwa mkono wa Mwinyimvua, mpiga kasia. Jibu lilikuwa lilelile: "Anasema hakujui, bwana."

Njaa iliposhika, akamkuta Chiku pale pale kivukoni, amekonda, na watu wake wanahamia ndani kabisa ya matete.

"Chiku, sikukusudia."

"Najua. Ungekuwa umekusudia ningekuchukia, nikapumzika." Machozi yalimtoka. "Mama amekufa, Yunusi."

"Niache nikuoe sasa. Nichukue niende nanyi."

"Na boma wakikuita, wakuulize tuliko, tunakula nini?"

Yunusi akafikiri, akajibu kwa uaminifu wake ule ule: "Nitawaambia mna njaa, wawasaidie."

Chiku akafuta machozi. Alimpenda, jamani, ilionekana. "Baki salama, mpenzi wangu," alisema, akapanda mtumbwi.

Yunusi alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwuliza umekula nini. Hakulala.

Boma wakamwita kweli. Walioingia kwenye matete wako wapi? Wamebakiza nini? Wajumbe wa baraza lake wakamgeukia, wakingoja, maana hakuna swali la bonde hilo lililowahi kumshinda.

"Sijui," alisema Yunusi.

Wakamvua uongozi siku hiyo hiyo, wakimcheka. Chiku hakupata kusikia habari hiyo.