Kamera Iliyonichelewesha

Nilirudi kutoka sokoni na figili zangu mkononi, nikakuta picha ya msiba wangu imewekwa juu ya meza.

Fremu nyeusi. Utepe mweusi. Nami mzima wa afya…

Mnaonisoma, msinionee huruma. Huku kwetu Matsumoto, mzee mwenye adabu huandaa mapema picha itakayosimama mbele ya jeneza lake, kisha ikae nyumbani kwenye madhabahu ya marehemu, kando ya picha ya mkewe.

Hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba aliyekuwa ndani ya fremu hakuwa mimi.

Makunyanzi yamepigwa pasi. Mashavu laini kama tofu. Na kovu la juu ya jicho langu la kushoto halikuwapo.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza mwanangu Masaki.

"Si wewe, Baba? Nilikupiga juzi ukinywa chai, kwa kamera mpya. Inampendezesha mtu yenyewe."

"Na kovu langu?"

"Imelifuta. Mambo ya kisasa hayo."

Kovu hilo nililipata shuleni siku ya tetemeko, nikimfunika mwanafunzi wangu wakati kioo cha dirisha kilipodondoka. Halikuwa doa la kufutwa.

"Kamera yangu iko wapi?"

Masaki akatupa jicho mlangoni.

Niliikuta mlangoni, ndani ya boksi la kupelekwa kwa mnunuzi wa vitu chakavu, imelaliana na pasi mbovu. Ndiyo kamera niliyompigia marehemu mke wangu, Sumie, picha yake ya msiba. Na aliyeitia humo ni mwanangu wa kumzaa.

"Baba, hiyo imechoka. Ukibonyeza, inafikiri kwanza ndipo ipige. Hii mpya inamnasa hata nzi akiruka."

"Mimi si nzi."

Mjukuu wangu Chinatsu, aliyekuwa akimenya chenza, akamgeukia baba yake. "Hapo umepigwa bao, Baba."

Nikaitia betri. Nikavaa kimono changu cheusi chenye nembo ya ukoo, nikaketi mbele ya madhabahu, nikatamka:

"Chinatsu atanipiga picha moja kwa kamera hii. Moja tu. Itakavyotoka ndivyo itakavyowekwa, na asiiguse mtu."

"Hata ukifumba macho?" Masaki akauliza.

"Hata nikifumba macho. Nimekwisha kusema."

Nikanyoosha mgongo. Nikakaza taya kama niko mbele ya gwaride la shule.

"Tayari, Babu?"

"Tayari."

Akabonyeza.

Kimya…

Nikaitumbulia macho ile kamera. Nayo ikanitumbulia jicho lake.

"Vumilia, Babu," Chinatsu akanong'ona, bado ameishika. "Inakusahihisha insha kwanza."

Nikacheka.

Mwanga ukamulika.

Tukaitazama pamoja. Kovu lilikuwapo, liking'aa. Makunyanzi yote yalikuwapo. Mdomo ulikuwa wazi, na pengo langu likionekana hadi nyuma kabisa.

"Babu, umetoka bomba," Chinatsu akasema.

"Tupige nyingine, Baba," Masaki akasema kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Kisha nikainua macho, nikakutana na picha ya Sumie. Amecheka, mkono umefika nusu ya njia kuuziba mdomo.

Ndugu zangu, picha ile ilinikera miaka mingi. Nilimwamuru atulie, akatulia. Nilipobonyeza, akacheka. Siku zote niliamini kwamba alinikaidi.

Sasa nikajiona mwenyewe siku ile: nimesimama wima, uso mkali, nikiikemea kamera hii hii, iliyochelewa hata wakati ule. Sumie alikuwa ameona kitu pekee katika nyumba hii kilichothubutu kunichelewesha…

Sikulia. Nilifuta vumbi kwenye fremu yake, ingawa halikuwapo.

"Babu," Chinatsu akasema, "kwani ile mpya huzimi tu hiyo kazi ya kupendezesha? Ni kitufe kimoja."

"Kizimeni basi. Mimi nimekwisha kuchagua."

Funzo langu ni hili, nalo silipunguzi: kamera inayokupiga haraka hupata sura uliyoitengeneza. Ile inayokuchosha kuisubiri hupata yako.

Siku mtakapokuja kunichomea ubani mtaniona nina pengo, nina kovu, nacheka kando ya mke wangu anayecheka.

Asiyependa atazame ukuta.