Bangili Zilizogoma Kuingia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Thamarai alifagia mlangoni, akanyunyiza maji, kisha akachora maua kwa unga wa mchele. Jumapili hiyo alichora makubwa zaidi, yakafika hadi barabarani. Mangai, mke wa kaka yake Muthuraj, alikuwa na mimba ya miezi saba, na leo wanawake wangemvisha bangili za kioo. Inasemekana mlio wa bangili hizo humfikia mtoto tumboni, naye hujua kwamba anangojwa. Baada ya hapo Mangai angerudi kwa mama yake mzazi, akajifungulie huko.

Thamarai ndiye aliyetumwa sokoni kununua bangili hizo. Wiki iliyopita alikuwa amemjaribisha wifi yake moja, ikaingia vizuri.

Lakini jana jioni alimkuta Mangai jikoni, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Wifi, una nini?"

"Kichwa tu. Na macho yananionyesha vimulimuli. Usimwambie mtu, Thamarai."

"Hata Bibi?"

"Hasa Bibi! Ataahirisha shughuli, na mwezi ujao hauna heri, haufanyiwi shughuli. Nimemkumbuka mama yangu mpaka basi. Niapie."

Thamarai akaapa, ila usingizi wake haukuwa mtamu.

Wanawake walipowasili, Mangai aliketishwa katikati ya chumba, sari yake ya kijani ikimetameta. Walimpaka liwa mashavuni na manjano mikononi. Sahani za wali zilipangwa mbele yake: wa ndimu, wa ukwaju, wa nazi, wa mtindi na wa sukari guru. Bibi Rukmani, bibi yake Thamarai, alimfunga kwanza kikuku cha kijiti cha mwarobaini. Kisha akachukua bangili ya kioo.

Bangili ilikwama kwenye vifundo vya vidole. Bibi akapaka mafuta, akasukuma tena. Ka! Ikavunjika.

Wanawake wakatazamana. Bangili kuvunjika siku kama hiyo ni ishara mbaya inayowatia watu baridi.

"Thamarai!" Bibi alifoka. "Nilikutuma bangili, wewe umeniletea pete?"

"Labda alimnunulia mwanasesere wake," alisema jirani yao, Mama Seethai, na wanawake wakacheka kwa ahueni. "Mbio sokoni, mtoto, ulete kubwa!"

Ilikuwa rahisi sana kukubali kosa. Angekimbia sokoni, angerudi, na shughuli ingeendelea. Mangai alimtazama, akatikisa kichwa kidogo. Thamarai akainamisha macho, na hapo akaiona miguu ya wifi yake. Pete za vidoleni, ambazo kila mwanamke aliyeolewa huvaa, zilikuwa zimezama nyamani.

"Bibi, bangili ni zile zile," alisema. "Wiki iliyopita zilimwingia. Mikono yake ndiyo imevimba. Tazameni na miguu! Na jana kichwa kilimuuma, akaona vimulimuli."

"Uliniapia!" Mangai alilia.

"Niliapa, wifi. Nisamehe."

"Mjamzito gani asiyevimba?" Mama Seethai alidakia. "Mimi nilifura kama chapati motoni! Mvisheni mwenzenu, chakula kinapoa."

Bibi Rukmani alichuchumaa. Alibonyeza mguu wa Mangai kwa kidole gumba, akaona shimo limebaki. Akasimama.

"Chakula kipoe," alisema. "Muthuraj! Ita bajaji, mpeleke mkeo zahanati sasa hivi!"

Nesi wa zahanati alipima presha, akapima tena, kisha akapiga simu kuita gari la wagonjwa. "Mmemuwahi," aliwaambia. "Angekaa mpaka jioni, huenda kifafa cha mimba kingemwanza. Hapo tungekuwa tunawapigania wawili."

Thamarai, aliyekuwa amewafuata zahanati, alilia njia nzima kurudi nyumbani.

Siku chache baadaye Bibi alimchukua wakaenda hospitali ya mjini. Presha ya Mangai ilikuwa imeshuka, na moyo wa mtoto ulipiga vizuri. Mama yake Mangai alikuwa kando ya kitanda, akimchana nywele.

"Nilikukasirikia mpaka basi," Mangai alimwambia Thamarai, akamvuta karibu. "Sasa nikikutazama nataka kulia tu. Ahsante, wifi yangu."

Bibi akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na bangili zote zilizobaki.

"Lakini haziniingii, Bibi," alisema Mangai.

"Nani kakwambia ni zako leo? Thamarai, lete mikono."

Alimvisha Thamarai moja moja, mpaka zikajaa karibu na viwiko, huku akimsemesha. "Bangili hizi tunamvisha mama ili alindwe. Wewe ulimlinda kabla hajavaa hata moja. Kumtunzia mtu siri ni vizuri, mjukuu wangu. Lakini siri ya maumivu mpelekee mtu mzima, hata kama uliapa, hata kama mwenyewe atakuchukia. Na wewe Mangai, ukiumwa, sema. Siku nyingine ya shughuli tungeitafuta. Mangai mwingine tungempata wapi?"

Mangai akafuta machozi, akacheka.

"Haya, tikisa," Bibi akaamuru. "Mtoto anataka mlio tu. Hajui mkono ni wa nani."

Thamarai akainama juu ya tumbo, akatikisa mikono yake yote miwili. Nesi wa wodi aligeuka kutaka kukemea, akaishia kutabasamu.

"Mtoto ameruka!" Mangai akapiga kelele. "Thamarai, tikisa tena!"