Sakafu Iliyotoa Unga

Mama mmoja, fundi cherehani, alifanyia kazi zake kwenye gereji ya nyumba yake. Gereji hiyo ilikuwa na kazi mbili. Usiku gari la mumewe lililala humo, maana mume alikuwa dereva wa teksi. Asubuhi gari likishatoka, mke alisogeza cherehani zake mbili karibu na mlango palipo na mwanga. Kisha alitandika mkeka sakafuni, akaanza kukata nguo.

Lakini kabla ya yote, alifagia. Alifagia kila siku, na kila siku sakafu ya zege ilitoa vumbi jeupejeupe, laini kama unga.

"Sakafu hii ni mashine ya kusaga," mumewe alimtania akiwasha gari. "Ungekuwa unga wa kuliwa, tungefungua duka."

"Wewe cheka tu," mke alimjibu. "Anayekohoa ni mimi."

Siku moja alipata kazi kubwa. Zahanati ya mtaani ilimpa kushona sare za wauguzi kumi na wawili, zote nyeupe. Alishona mbili za kwanza kwa uangalifu mkubwa. Mkuu wa wauguzi alikuja kuziangalia. Alizigeuza, akavuta mishono, akaridhika. Halafu akatazama pindo la chini. Lilikuwa la kijivu kwa vumbi la sakafuni.

"Mama, mkono wako hauna kasoro," alisema kwa upole. "Lakini mgonjwa akiona pindo hili, atadhani nimetoka shambani. Hizi zifue. Zile kumi nizikute safi. Nakupa wiki saba. Zikitoka hivi tena, itabidi nitafute fundi mwingine."

Mume alisikia yote, kwa kuwa alikuwa jikoni akinywa chai.

Jumapili mke alikwenda kumwona dada yake. Mume aliona hiyo ndiyo nafasi. Nyuma ya mlango palikuwa na kopo la rangi ya kijani iliyobaki walipopaka chumba cha kulala. Alifagia gereji mara moja, akachovya brashi, akapaka. Hadi saa kumi jioni, sakafu nzima ilikuwa ya kijani inayong'aa.

Mke aliporudi alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Kumbe nimeolewa na fundi," alisema.

Mume alitembea kifua mbele siku mbili nzima. Siku ya tatu aliingiza gari. Asubuhi yake alipolitoa, alisikia sauti kama ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Alishuka, akatazama. Matairi yalikuwa yameondoka na rangi. Pale magurudumu yalipolala palikuwa na mabaka manne ya zege tupu.

Kutoka hapo rangi iliendelea kubanduka. Vipande vidogo vya kijani vilinasa kwenye mkeka, kwenye nyuzi, na mwishowe kwenye kitambaa cheupe. Mke hakugomba. Alibeba cherehani moja akaiingiza chumbani, akawa anakatia nguo kitandani.

"Nilitaka kukusaidia," mume alisema.

"Najua. Ila sasa nina vumbi la rangi mbili."

Maneno hayo yalimchoma mume, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Basi alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwao, kwa mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rola. Kazi yake ilikuwa kupaka sakafu za karakana na hospitali. Alimkuta uani, anaosha rola zake za kupakia rangi.

"Shikamoo, Mama Rola."

"Marahaba. Nimeona matairi yako ya kijani, nikajua utafika."

Mama Rola alikuja, akapiga magoti, akakwaruza sakafu kwa ufunguo. Rangi ilitoka kama ganda la kitunguu. Aliigeuza. Chini yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Mwanangu, wewe hukupaka sakafu. Umepaka vumbi," alisema. "Rangi imelishika vumbi vizuri kabisa. Vumbi ndilo halikushika sakafu. Hebu nione kopo."

Mume alilileta. Mama Rola alimpa mke. "Nisomee hapo chini, macho yangu yamechoka."

Mke alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. "Kwa kuta za ndani tu."

Mama Rola akacheka, na mke naye akacheka. Mwishowe hata mume alishindwa kujizuia.

"Kwa nini lakini zege linatoa unga?" mke aliuliza.

"Zege lina vinyweleo kama ngozi. Kama uso wake haukusuguliwa vizuri lilipomwagwa, au lilikauka upesi kupita kiasi, uso unakuwa dhaifu. Ukifagia, unautwanga. Dawa yake ni kuusafisha mpaka ufike kwenye zege gumu, kisha kuufunika kwa rangi ya sakafu. Ile ya makopo mawili yanayochanganywa."

Mama Rola aliomba kikombe cha maji. Alimwaga kidogo mahali ambapo rangi ilibanduka. Maji yakanywewa, zege likawa jeusi. Akamwaga mengine pale injini ya gari inapokaa. Hapo maji yalisimama kama umande juu ya jani.

"Hapa pana mafuta ya gari. Rangi haishiki juu ya mafuta. Mtasugua mpaka maji yanywewe kila mahali."

Kazi ilianza. Walitoa vitu vyote nje. Walimwaga vumbi la mbao juu ya mafuta ili liyanyonye, wakalizoa na kulitia kwenye mfuko, wala hawakulitupa mtaroni. Walisugua kwa sabuni kali na brashi ngumu, wakasuuza, wakasugua tena. Kwenye doa la injini walirudia mara nne. Mama Rola aliwaazima mashine ya kusugua sakafu, yenye mfuko wa kufyonza vumbi. Kabla ya kuiwasha aliwavalisha barakoa na miwani.

"Vumbi la zege likiingia kifuani halitoki kwa kikohozi," alisema.

Rangi ya kijani iliisha yote. Sakafu ikabaki ya kijivu, yenye mkwaruzo kidogo kama msasa. Nyufa mbili walizijaza kwa dawa ya kuziba. Mume alikuwa tayari amekunja mikono ya shati.

"Sasa tunapaka?"

"Bado. Tuiulize sakafu kwanza kama ina maji."

Mama Rola alikata vipande vinne vya nailoni, kila kimoja ukubwa wa mto wa kulalia. Alivibandika sakafuni, sehemu nne, kwa utepe pande zote. Baada ya siku mbili walivifungua. Vitatu vilikuwa vikavu. Cha nne, karibu na ukuta wa nyuma, kilikuwa na matone chini yake, na zege limekuwa jeusi.

"Unyevu unapanda kutoka ardhini," alisema Mama Rola. "Mkipaka leo, rangi itafura malengelenge."

Mke alihesabu kwa vidole. Wiki mbili zilikuwa zimeshapita, na sare hata moja kati ya zile kumi haijakamilika.

"Ni kona moja tu," alisema. "Tupake. Hiyo kona nitaiwekea kabati. Mimi nina kazi ya watu."

Mume alitikisa kichwa. "Hapana, mke wangu. Haraka yangu ndiyo iliyokufukuza humu. Nipe wiki mbili. Chumbani nitakupisha, nitalala kwenye kiti."

Mke alimtazama. Hakuwahi kumsikia mwanamume huyu akiomba kusubiri, hata foleni ya mafuta ilimshinda.

"Haya," alisema. "Lakini kwenye kiti hutalala. Utakunja vitambaa."

Mume alizunguka nyuma ya nyumba. Hakuhitaji kutafuta sana. Bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka paani lilikuwa limevunjika, na maji yote yalimwagika chini ya ukuta wa gereji. Alifunga bomba jipya. Alichimba mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali na nyumba. Mchana aliacha mlango wa gereji wazi ili upepo upite. Walibandika nailoni tena kwenye kona ile; wiki ya kwanza ilionyesha matone machache. Wiki ya pili ilibanduka kavu.

Siku ya kupaka, Mama Rola alifika asubuhi na mapema. Mlango na dirisha viliachwa wazi, na hakuna aliyewasha moto karibu. Wote walivaa glavu na barakoa. Mke alisoma maelezo ya makopo yote mawili kwa sauti, neno kwa neno: kipimo, muda wa kukoroga, muda wa kusubiri.

"Vikishachanganyika, rangi inaanza kuganda," Mama Rola alieleza. "Kwa hiyo tunachanganya kidogo kidogo. Na tunaanzia ndani kabisa tukirudi mlangoni. Nimeshawahi kumwona fundi aliyejifungia kwenye kona kwa rangi yake mwenyewe. Alikaa huko mpaka jioni."

"Fundi gani huyo?" mume aliuliza.

"Nilikuwa bado mwanafunzi," Mama Rola alijibu, akaendelea kukoroga.

Walipaka mkono wa kwanza, mwepesi, ili uingie kwenye vinyweleo. Siku ya pili walipaka mkono wa juu, wa kijivu hafifu. Kabla haujakauka, Mama Rola alinyunyiza mchanga laini juu yake ili mtu asiteleze siku sakafu ikiwa na maji. Baada ya siku tatu mke alirudisha cherehani. Gari lilingoja nje wiki nzima, kama maelezo yalivyosema, na mume hakulisogeza hata hatua moja.

Sare kumi zilikamilika siku mbili kabla ya wakati. Mkuu wa wauguzi aligeuza mapindo, moja baada ya jingine, mpaka ya kumi. Kisha akauliza kama fundi anaweza kushona na mashuka ya wagonjwa.

Kikohozi cha mke nacho kilipungua, kikaisha. Asubuhi alipitisha kitambaa chenye maji mara moja, akawa amemaliza kusafisha.

Jumamosi moja mchana jua lilikuwa kali. Mume alirudi kazini amechoka, akajilaza sakafuni kwenye gereji kwa sababu palikuwa na ubaridi. Mke aliingia amebeba kitambaa cha shuka.

"Sogea, mume wangu. Hapo ni mahali pa kukatia."

Mume alijiviringisha upande mmoja bila kufungua macho. Mke alikitandaza kitambaa palepale alipokuwa amelala, akakikata. Baadaye mume aliinuka, akajipangusa mgongo wa shati kwa mazoea. Alitazama kiganja chake. Hakikuwa na kitu.