Alama Tatu za Darubini

Ngazi za jengo la mafundi zilifurika watu asubuhi ile, kila mmoja na simu yake iliyopasuka kioo, na katikati yao alikuwa akishuka binti mwenye viatu vya matope. Shati la kijani, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, na uso wa mtu aliyekwisha kuambiwa "haiwezekani" mara tano. Kifuani alikumbatia darubini ya macho mawili, nyeusi, kuukuu, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Kwenye kona akagongana na kijana aliyekuwa akipanda na kikombe cha chai. Chai yote ikaishia kwenye shati jeupe la kijana, lililopigwa pasi hadi kola. Hata hakulitazama shati.

"Samahani kaka, sikukuona."

"Chai haina neno. Hiyo umeitoa wapi?"

"Haiuzwi."

"Sijauliza bei, dada. Kiwanda chake kilifungwa kabla sijaota meno."

"Ndivyo walivyoniambia wenzako wote. Ukitazama unaona vitu viwili viwili, vipuri hakuna, kanunue mpya."

"Hao si wenzangu," alisema. "Nipe."

Alikuwa fundi wa saa na kamera, chumba cha mwisho ghorofa ya tatu. Jengo zima lilimwita Jicho, kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokiacha kwenye paji la uso hata akienda kula. Alijivuna, tena sana, lakini saa zilizoshindikana kwa wengine zilikuwa zikitembea ukutani kwake, na zote zilisema wakati mmoja. Binti aliziangalia, akampa darubini.

Binti alikuwa akiongoza watu wanaokuja kutazama ndege kwenye bwawa la pembeni ya mji, kazi aliyoirithi kwa mama yake pamoja na darubini ile. Mama alikuwa kiongozi mkuu miaka ishirini, hadi mtoto wa jicho alipomstaafisha. Binti alikuwa amefanya mtihani wa kushika nafasi hiyo mara mbili, na mara mbili ameanguka. Akianguka mara ya tatu, nafasi ingepewa mtu mwingine, na angebaki kubebea wageni mabegi.

"Mtihani lini?" Jicho aliuliza.

"Jumamosi, wiki tatu zijazo."

"Alhamisi ya kabla yake njoo uichukue."

Basi ikawa kila saa kumi na moja jioni simu ya Jicho inalia, binti anaulizia darubini.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje, daktari?"

"Kafunguliwa kifua. Kioo cha ndani kimehama, na kishikizo chake kimekatika. Nakichonga kipya kwa shaba ya kitasa."

"Kitasa cha mlango? Wewe!"

"Kitasa cha mlango wangu. Sasa chumba hakifungiki, shauri yako."

"Basi nitakuja kukulindia."

"Rudia, laazizi, mtandao unasumbua."

"Mtandao mzima kabisa, acha uongo!"

Wiki ya pili alimpelekea chakula cha mchana. Wiki ya tatu walikuwa wakila sahani moja, na mafundi wa vyumba vingine walipita mlangoni bila sababu yoyote, kuchungulia tu.

Alhamisi binti alivaa gauni la samawati. Darubini ilikuwa mezani juu ya kitambaa safi, inang'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana. Akaiinua dirishani. Mtaa wa pili, juu ya paa, njiwa mmoja. Mmoja tu! Akacheka huku machozi yanamtoka.

Kisha kidole gumba kikateleza kwenye kigurudumu cha katikati, kikatafuta, kikatafuta tena.

"Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Kulikuwa na mikato mitatu hapa. Mmoja wa matete, mmoja wa kisiwa, mmoja wa ukingo wa mbali. Mama aliipiga kwa tupa. Ndege hangoji uzungushe zungushe, unaweka kidole kwenye alama, unamwona!"

Jicho aliinamia gurudumu. "Nilidhani ni mikwaruzo. Nimeisugua."

"Umeisugua! Bila kuniuliza?"

"Nimekufanyia kazi safi, ambayo hapa mjini hakuna..."

"Umefuta mkono wa mama yangu, halafu unajisifu!"

Akaondoka na darubini yake, gauni la samawati likipotea kwenye umati wa ngazini. Jioni saa kumi na moja simu yake ililia mara sita, Jicho anapiga. Hakupokea.

Nyumbani alimkuta mama sebuleni, akamweleza huku akilia. Mama aliinyoosha mikono, akaipapasa darubini, kidole kikazunguka gurudumu taratibu.

"Kaitengeneza vizuri huyu," alisema.

"Mama! Alama zako hazipo!"

"Nasikia. Na zako je?"

"Zangu?"

"Mwanangu, zile nilizipiga kwa macho yangu. Kila mtu na macho yake. Nilidhani ulishapiga za kwako upande wa pili wa gurudumu. Ina maana miaka sita unatumia zangu?"

Ndege wa ukingo wa mbali walikuwa wakimjia binti na ukungu, na ukungu huo ndio uliomwangusha mara mbili! Aliamini siku zote ni udhaifu wake mwenyewe. Hakuthubutu kusogeza gurudumu hata kidogo kupita pale mama alipoweka.

"Tupa iko kwenye droo," mama alisema. "Na umpigie simu huyo kijana. Wewe si fundi, utaliharibu gurudumu."

Ijumaa asubuhi Jicho alifika bwawani na viatu vya ngozi, akazama kwenye tope hadi kifundo cha mguu. Hakulalamika.

"Nimekosa," alisema kabla ya salamu. "Kazi ilikuwa safi, lakini sikuuliza. Sijawahi kumwomba mteja msamaha, kwa hiyo kama sijui kuomba, nielekeze."

"Umeomba vizuri. Leta mkono."

Binti akatazama, akazungusha gurudumu pole pole. "Hapo!" Jicho akakwangua kwa tupa. "Hapo!" Akakwangua tena. Kwa ukingo wa mbali binti alichukua muda mrefu, kisha akavuta pumzi. "Jicho, naona mpaka unyoya mmoja mmoja."

Jumamosi watahini wawili walimwonyesha bata wawili ng'ambo ya maji, wanaofanana kabisa isipokuwa mstari mwembamba juu ya jicho. Kidole kikaenda chenyewe kwenye alama. Akajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Akajibu na swali la pili, na la kumi na mbili. Walipombandika beji ya kiongozi mkuu kifuani, mama alipiga kigelegele kilichowarusha juu kwarara na ndege wote wa bwawani.

Jicho alikuwa amesimama kando, matope hadi magotini. Binti akamvuta kwa mkono mpaka kwenye kiti cha mama.

"Mama, huyu ndiye fundi wangu."

Mama akaelekeza uso kwenye kivuli kirefu kilichokuwa mbele yake. "Fundi wako wa darubini, au ni wako?"

Jicho akaanza kupangusa tope kwenye suruali.

"Ni wangu, mama," binti alisema, kwa sauti iliyowafikia hata watahini. "Nataka anioe. Kama ana ubishi, aseme sasa hivi mbele ya watu."

Jicho aliyebishana na jengo zima akavua kioo chake kwenye paji la uso, akakitia mfukoni, akapiga magoti mbele ya mama mkwe.