Maneno ya Siku ya Upepo

Jumamosi asubuhi soko letu la kando ya Mto Inn hujaa hata ukikanyagwa huna wa kumlaumu. Ndimo alimoingia Severin Prohaska, fundi wa lifti kutoka Vienna, viatu vyake vya ngozi vinang'aa kama vya bwana harusi, macho kwenye simu. Alikuwa anasoma ratiba ya mapumziko yake huku anatembea. Akaigonga meza ya jibini, na jibini zima likaanguka, likabingirika mpaka kwa muuza maua.

Nyuma ya meza alisimama Notburga, jina ambalo padri peke yake hulitumia. Sisi wengine wote wa Innsbruck twamwita Burgi. Siku hiyo alivaa aproni ya bluu juu ya sweta ya sufu, na nywele zake za rangi ya asali zilisukwa zikazungushwa kichwani.

"Kaka, unafukuzwa na polisi?"

"Samahani sana, dada. Nimekuja kupumzika."

"Kupumzika! Hebu nione hiyo simu." Akaichukua bila kungoja ruhusa. "Kasri, makumbusho, mnara, ziwa, gari la kebo, makumbusho tena. Vyote leo? Wewe hukuja kupumzika, umekuja kuukagua mji."

Severin akacheka mpaka masikio yakawa mekundu. "Basi nipangie wewe."

"Siku moja, jambo moja. Leo kaa ukingoni mwa mto uitazame milima. Ukichoka, itazame tena. Umefikia wapi?"

"Kwa Bibi Walburga, ile nyumba ya wageni nyuma ya kanisa."

"Ala! Huyo shangazi yangu. Usipomaliza madonge yake ya mkate atakununia. Na kesho mimi siendi kazini, nitakupandisha mlimani polepole. Hivyo viatu vya harusi viache chini ya kitanda."

Mapenzi ni kikohozi, na hawa wawili walikohoa mji mzima ukasikia. Kiangazi chote Severin alikuwa akishuka stesheni Ijumaa jioni, na siku nyingine simu ndiyo iliyowaunganisha.

"Umekula, kipenzi?" Severin huuliza.

"Nimekula jibini."

"Kila siku jibini! Utageuka panya."

"Na wewe njoo uwe paka. Unangoja nini?"

Oktoba ikafika. Severin alikuja na pete mfukoni na mpango kichwani: gari la kebo hadi kileleni, jua linazama, anapiga goti, kisha chakula cha jioni penye mishumaa. Mpango mzuri, sikatai. Lakini siku hiyo ulivuma ule upepo.

Huu si upepo wa kupeperusha kofia tu. Hushuka kutoka kusini ukiwa wa moto hata katikati ya majira ya baridi, ukagonga madirisha usiku na mchana, na vichwa vya watu vikauma. Majirani waliopendana miaka hugombania ngazi ya kuchumia matufaha. Ndiyo maana kwetu mwenye akili hauzi ng'ombe siku hiyo, na tusi la siku hiyo husamehewa bila hata kuombwa radhi.

Gari la kebo likafungwa. Severin akaanza kupiga simu huku na huku.

"Basi twende ziwani, teksi inakuja. Tukitoka huko tuwahi mkahawani..."

"Severin, kichwa kinanipasuka. Tukae tu."

"Nimepanga wiki nzima, Burgi!"

"Umepanga, umepanga! Unanipenda mimi au unaipenda ratiba? Nenda kwenu ukapange lifti zako. Sikutaki!"

Severin alisimama, mkono umeing'ang'ania pete mfukoni. Akageuka, akaenda stesheni. Akapanda treni iliyokuwa tayari kuondoka.

Asubuhi upepo ulikuwa umekufa. Burgi akavaa gauni lake la kijani, akaweka vikombe viwili vya kahawa kwenye meza ya jibini, akangoja. Kahawa ikapoa. Akajiapiza kwamba aliyekimbia ndiye atakayepiga simu. Kule Vienna, Severin naye alijiambia kuwa aliyekataliwa halazimishi. Wakaumia wote wawili, kila mmoja na kiburi chake.

Novemba Severin akajikaza, akampigia Walburga.

"Shikamoo, bibi. Niliacha sweta yangu. Naomba unitumie."

"Kwanza niambie, mwanangu. Kwa nini ulimkimbia mtoto wangu?"

"Mimi? Alinifukuza! Alisema hanitaki."

"Lini?"

"Siku ile gari la kebo lilipofungwa."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Siku ya upepo! Jamani, watu wa Vienna! Marehemu mume wangu nilikuwa namfukuza kila upepo ukivuma, na kukicha tunakunywa kahawa. Nani huyahesabu maneno ya siku hiyo? Mtoto alikungoja sokoni na vikombe viwili!"

Severin akakaa sakafuni. "Sasa nifanye nini?"

"Sweta siitumi. Njoo uichukue mwenyewe."

Alikuja sokoni Jumanne, siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Safari hii alivaa viatu vya mlimani. Burgi alipomwona kisu kikamponyoka.

"Umefuata sweta?"

"Nimekufuata wewe." Akapiga goti palepale, kwenye maji ya muuza samaki. "Burgi, sijui tutakula wapi leo wala tutakwenda wapi. Utakubali kuolewa nami?"

"Ndiyo," Burgi akasema, machozi yanamtoka. Soko zima tukapiga makofi. Ghafla Burgi akainua mkono. "Ngojeni. Mnasikia?"

Madirisha yalikuwa yanagongwa. Upepo ulikuwa umeanza tena.

"Kama 'sikutaki' yangu haikuhesabiwa," akasema, "na hii 'ndiyo' haihesabiwi. Haki ni haki. Niulize upepo ukitulia."

"Utatulia lini? Kesho nakabidhi lifti Vienna. Treni yangu ni jioni hii."

"Nani ajuaye? Upepo hauna ratiba."

Burgi alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Severin akaitazama simu yake, kisha akapiga.

"Mkuu, kesho lifti mtakabidhi bila mimi. Narudi lini? Sijui. Tunangoja upepo." Akaizima. "Burgi, kuna aproni nyingine?"

Wakangoja. Mchana Severin aliuza jibini na kukosea bei, jioni walikaa mtoni wakaitazama milima, kisha wakaitazama tena. Alhamisi kulipopambazuka madirisha yakanyamaza, mvua nyembamba ikaanza. Severin akashuka jikoni kwa Walburga na ile sweta mwilini. Burgi alikuwa mezani, nywele hazijasukwa, vikombe viwili vinafuka moshi. Severin akafungua mdomo aulize.

"Usiniulize," Burgi akasema, kidole cha pete keshakinyoosha. "Nilishajibu Jumanne. Nilitaka tu kuona kama utangoja."