Ombi la Boti Kutoka Salale

"Kaka, umekalia chanjo za watoto."

Hemedy aliruka kama aliyeumwa na siafu. Gati la Nyamisati lilikuwa limefurika abiria, boriti za mikoko zimerundikwa kila upande, naye alikuwa amepata pa kukaa na kompyuta yake.

"Samahani, dada. Nilidhani ni sanduku la samaki."

"Samaki wanaandikwa 'Dawa'?"

Sikujua, muuguzi wa zahanati moja huko Salale, alivaa gauni la kitenge cha njano na mtandio mweupe. Alijaribu kukasirika, akacheka. Hemedy, kijana wa Kibiti, akamweleza kwamba alikuwa akiandika programu ya kuombea boti za dharura.

"Wewe ukibonyeza kule zahanati, programu yako inaipelekea ujumbe programu ya karani wa boti hapa. Nimetumia maktaba ya msimbo, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na wenzetu. Yenyewe ndiyo inayobeba ujumbe."

"Na mtandao ukikatika?"

"Ujumbe unasubiri. Haupotei."

"Unaapa?"

"Naapa. Sasa nipe namba yako, nikupigie kuuliza kama inafanya kazi."

Alipiga jioni ile ile, wala hakuuliza habari za programu. Kwa miezi minne simu hazikukatika.

"Umekula, laazizi?"

"Wali na kamba."

"Bila mimi?"

"Ungekuwepo ningelala njaa. Wewe huachi kitu kwenye sahani."

Kisha ikaja Jumanne moja ya Machi. Mama aitwaye Muzdalifa alijifungua salama asubuhi, halafu damu ikakataa kukoma. Sikujua akabonyeza kuomba boti. Kioo kikaandika: Ombi limepokelewa. Ikapita saa moja, ikapita ya pili. Simu ya karani haikupatikana. Muzdalifa alikuwa ameanza kupoa miguu ilipotokea boti ya mnunuzi wa kamba, Sikujua akaisimamisha kwa kelele. Hospitali wakamwongezea damu, akapona.

Sikujua alimpigia Hemedy sare yake ikiwa bado imelowa damu.

"Boti yako iko wapi?"

"Mpenzi, huku naona ombi limepokelewa."

"Limepokelewa na nani, Hemedy? Na mikoko?"

"Labda uligusa vibaya..."

Akakata simu, akaizuia namba yake.

Wiki iliyofuata ikaja ripoti ya kampuni aliyofanyia kazi Hemedy: kosa ni la muuguzi, hakutuma ombi ipasavyo. Chini lilikuwepo jina la Hemedy. Pamoja nayo, barua ya onyo kutoka idara ya afya ya wilaya na wito wa kikao Kibiti. Sikujua aliisoma ripoti hiyo, hasira ikampanda.

Hasira hiyo ilikuwa ya haki, ila ripoti Hemedy hakuiandika. Yeye alikuwa amezama kwenye kumbukumbu za mfumo, na Ijumaa akaona alipokosea. Ile maktaba aliiacha ilivyokuja: ikishapokea ujumbe inajibu "nimepokea" papo hapo, kabla programu ya karani haijauhifadhi. Asubuhi ile programu ya karani ilikwama, ombi likafutika, na Sikujua akaambiwa limefika. Alipomweleza bosi wake, alijibiwa, "Nyamaza. Nesi ataonywa tu, hafukuzwi."

Kikaoni Kibiti Sikujua aliingia na sare nyeupe iliyonyooshwa ikanyooka. Kabla hajaulizwa neno, Hemedy akasimama na kompyuta mbili, moja kama ya zahanati, nyingine kama ya karani. Akatuma ombi, akaizima papo hapo programu ya karani. Kioo kikaandika: Ombi limepokelewa. Akaiwasha tena. Hapakuwa na kitu.

"Kosa ni langu," akasema. "Dada huyu alituma saa tatu na dakika kumi. Na hiyo ripoti wamenitilia jina tu."

Onyo likafutwa. Hemedy akafukuzwa kazi kabla hajafika mlangoni.

Nje, Sikujua alimsubiri.

"Ulijua tangu lini?"

"Ijumaa."

"Leo Alhamisi! Siku zote hizo Salale wananinyooshea vidole!"

"Ulinizuia nisikupigie."

"Boti nilizizuia?"

Hemedy akarudi ofisini.

Kabla ya kukabidhi kazi alirekebisha mfumo: sasa risiti haitoki mpaka karani abonyeze kwa mkono wake, na asipobonyeza, ombi linarudi tena na tena. Kisha akapanda boti kwenda Salale, akaomba radhi nyumbani kwa Muzdalifa. Ndipo akafika zahanati.

"Mfaume kasemaje?" Sikujua aliuliza habari za mume wa Muzdalifa bila kuinua macho.

"Kanitukana mpaka kachoka. Kisha kanipa maji ya kunywa."

"Mimi bado sijachoka."

"Najua. Nitukane, lakini niruhusu niwatume wazee wangu kwenu Chumbi."

Machozi yalimlenga Sikujua, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Mama yangu mpaka leo anaamini nusura nimuue mzazi. Nenda wewe kwanza. Umweleze kwa mdomo wako kosa lilikuwa la nani. Wazee baadaye."

"Nitaenda Jumapili, inshallah."

"Kesho," akasema Sikujua. "Na mimi nitakuwepo, nakusikiliza."