Usubi wa Kijito na Usubi wa Mto

Kila asubuhi Nyiramana alimshika mumewe mkono, akamtoa nje aote jua. Zamani Nzabandora alikuwa mkulima hodari. Walipooana walihama Kibabi, wakafika Itebero, wakalima kando ya maporomoko ya mto mkubwa. Huko waliumwa sana na usubi, inzi wadogo weusi wenye kibyongo. Miaka ilipita. Mwili wa Nzabandora uliwasha mchana na usiku. Kisha macho yakaingia ukungu, na ukungu ukawa giza.

Siku moja Nyiramana alienda kuteka maji kwenye kijito kilicho nyuma ya nyumba. Alimkuta shemeji yake, Hakorimana, ameshika chupa ya dawa ya kuua kupe wa ng'ombe.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Angalia hii majani ndani ya maji. Imejaa batoto ba usubi. Hizi njo zilikula macho ya kaka yangu. Leo nitazimaliza!"

Nyiramana aliangalia. Kweli, vifunza vilikuwa vimejazana. Hasira ilimpanda. Nusura amwambie amwage. Lakini alijizuia.

"Hii maji tunakunywaka," alisema. "Ngojea nimuite Mama Athanasie."

Athanasie, jirani yao, alikuwa mhudumu wa afya. Alifika haraka.

"Papa Hakorimana, funga hiyo chupa. Itaua samaki, itadhuru na bantu. Tena unajua je kama njo hizi zinaumaka bantu?"

"Si zote ni moja?"

"Kwa macho, zinafanana. Lakini usubi iko na aina nyingi. Ingine inakunywaka damu ya ndege, ingine damu ya bantu. ADN njo inazitenganisha."

Aliwaeleza kwamba ADN, yaani DNA, ni kama maandishi madogo mno ndani ya kila kiumbe. Mtoto huyapata kwa wazazi wake, na kila aina ina yake. Athanasie akatia vifunza vya kijito na vya maporomoko katika vichupa tofauti, akavituma maabara, Goma.

Majibu yalipofika, Hakorimana aliinamisha kichwa. Usubi wa kijito huuma ndege tu. Wanaouma watu ni wale wa maporomoko, na ADN yao ilionyesha kuwa ni ukoo mmoja na usubi wa mbali sana. Wanaruka, wanachanganyika.

"Tukiua za hapa, zingine zitakuja," alisema Athanasie. "Lakini usubi haizaliwake na ugonjwa. Inatoa minyoo ndogo ya kuharibu ngozi na macho kwa mugonjwa, inapelekea mwingine. Tukimeza vidonge vya hiyo minyoo sisi wote, kila mwaka, itakosa cha kubeba."

Nzabandora alikataa. "Macho yangu imekwisha kufa. Dawa ya nini?"

Nyiramana alikaa karibu naye. "Usubi ikikuuma leo, kesho inaweza kumuuma Uwitonze."

Uwitonze alikuwa binti yao. Nzabandora akanyoosha kiganja apewe vidonge.

Macho hayakurudi. Lakini muwasho ulipungua, akaanza kulala. Familia ilihamisha shamba mbali na maporomoko. Miaka ikaenda, wakimeza vidonge kila mwaka. Uwitonze alipopimwa, ngozi yake haikuwa na minyoo.

Siku ya kugawa vidonge, majirani wengine walipojificha wasimeze, Nzabandora alimwomba Nyiramana ampeleke milangoni kwao.

"Mimi sioni," aliwaambia. "Lakini nimemeza. Ninyi bado munaona."

Na milango ilifunguka.